Kamaru Wawili: Urithi wa Muziki wa River Road

Muziki wa Kenya una Joseph Kamaru wawili. Wa kwanza alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939. Aliimba kwa Kikuyu, akawachokoza walimu, akawa karibu na marais wawili kisha akakosana nao wote wawili, akaokoka baadaye, na alipofariki Oktoba 3, 2018, wengi walimuaga kama mfalme wa benga ya Kikuyu.

Wa pili alizaliwa Nairobi mwaka 1997. Alisomea muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta, kisha akaenda Berlin kusomea sanaa ya sauti. Katika kazi zake nyingi husikii mwimbaji wala mpiga ngoma. Hutembea na kinasa sauti, akarekodi barabara, ndege, mvua na mitambo, halafu akazifinyanga sauti hizo kwenye kompyuta mpaka zinakuwa mvumo mrefu unaobadilika polepole. Jina lake la kazi huliandika bila irabu zake mbili za kwanza: KMRU. Ni mjukuu wa yule wa kwanza.

Ukimsikiliza babu kisha ukamsikiliza mjukuu, utaapa kwamba hawajuani. Hapo ndipo kisa chao kinaponivutia. Tumezoea kusema kwamba fulani ana muziki damuni, kana kwamba nota za gitaa hurithiwa pamoja na urefu wa pua. Mimi siamini hivyo. Msanii hurithi jina, hurithi madeni na kazi zilizoachwa nusu, na mara nyingine hurithi sanduku la santuri. Anayetaka kuona urithi huo ulivyoundwa Kenya ashuke mjini, avuke Tom Mboya Street, aingie River Road.

Barabara hii, iliyopewa jina la Mto Nairobi unaopita hapo chini, haikupangwa iwe makao ya sanaa. Enzi za ukoloni, mji uliozaliwa na reli mwaka 1899 uligawanywa kwa rangi: Wazungu juu kwenye vilima vya magharibi, Wahindi kwenye biashara za katikati, Waafrika wakisukumwa Pumwani na mitaa mingine ya mashariki. River Road ilikuwa mpakani. Wenye maduka wengi walikuwa Wahindi, wateja wengi wakawa Waafrika. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, maduka ya barabara kuu yalibaki na wenye mitaji mikubwa, lakini huku chini Mwafrika mwenye pesa kidogo aliweza kukodi chumba, hata kama ni nusu ya duka. Mabasi ya kutoka bara yalishusha watu karibu. Palikuwa na hoteli za chai na maandazi, lojing'i za bei ya chini, mabaa, mafundi wa redio. Meja Mwangi alipotoa riwaya yake Going Down River Road mwaka 1976, alichagua vibarua wa mjengo wawe mashujaa wake, na kila msomaji wa Nairobi alijua harufu ya mahali palipotajwa.

Watu walioshuka kwenye mabasi hayo ndio waliofanya biashara ya muziki iwezekane. Kibarua kutoka Kangundo, topasi kutoka Siaya na karani kutoka Nyeri kila mmoja alitaka kusikia lugha ya kwao, na kila mwisho wa mwezi alikuwa na shilingi za kununua santuri moja ya kupeleka nyumbani.

Awali, kurekodi kulikuwa mikononi mwa kampuni za wageni. Katika miaka ya 1960 studio maarufu Nairobi ilikuwa Equator Sound ya Mwingereza Charles Worrod, ambako Fadhili William aliimba. Mabadiliko yalikuja Waafrika walipoanza kumiliki nembo zao wenyewe. David Amunga, mwimbaji kutoka magharibi mwa Kenya, alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na duka lake la Mwangaza lilifungua njia. Phares Oluoch Kanindo, aliyekuja baadaye kuwa mbunge, alijenga biashara kubwa ya benga ya Kijaluo mpaka santuri zake zikafika kusini mwa Afrika. Vijana wa Zimbabwe walizipenda hivi kwamba muziki wenyewe wakauita kanindo, na sungura, mtindo mkubwa wa nchi hiyo hadi leo, ulichukua jina lake kwenye nembo ya santuri hizo. Kamaru naye alifungua maduka yake jijini, Njung'wa Stores na City Sounds. Mwanamuziki akageuka mwenye duka, mwenye duka akageuka mtayarishaji.

Kazi ilikwenda hivi. Bendi ilitoka mashambani au kwenye baa ya mtaani, ikaingia studio kwa saa chache, ikapiga nyimbo zake bila kurudiarudia sana kwa kuwa muda wa studio ni pesa. Utepe ukapelekwa kiwandani kuchapishwa santuri za inchi saba, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja haukutosha wimbo wa benga, kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande wa A, ya pili upande wa B, na huko upande wa pili ndiko gitaa liliachiwa likimbie. Mwenye duka aliweka spika barazani na kupiga santuri mpya siku nzima. Wapita njia wakisimama, wimbo umekubalika. Wakipita tu, hasara. Sijui kama kuna mtihani wa sanaa mgumu kuliko huo.

Maelezo ya mila za kabila fulani huwa yanasahau kwamba mila hukutana na mila nyingine. Benga yenyewe ni mfano. Wapiga gitaa wa Kijaluo walichukua uchezaji wa nyatiti, ala ya nyuzi nane, wakauhamishia kwenye gitaa: nyuzi zinadonolewa moja moja, zinamjibu mwimbaji, zinamfuata neno kwa neno. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 huko Shirati upande wa Tanzania, aliufanya mtindo huo ujulikane kote na bendi yake ya Shirati Jazz, na kwa nyimbo zake za mafumbo aliwekwa ndani zaidi ya mara moja kabla ya kufa katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Lakini gitaa hilo halikukaa kwa Wajaluo. Kwenye studio zile zile, mafundi wale wale, wakati mwingine hata wapigaji wale wale wa kukodi, walikutana na Wakikuyu na Wakamba. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wakaifanya benga izungumze Kikamba. Kamaru na Daniel Kamau wakaifanya izungumze Kikuyu. Kwa hiyo tunapoiita benga ya Kikuyu kuwa ni urithi wa mababu, tukumbuke kwamba sehemu ya babu huyo ni Mjaluo, na kwamba Mkikuyu na Mjaluo walijuana kwenye kaunta ya duka.

Kamaru alileta nini basi kutoka kwao? Alileta maneno, na alileta nafasi ya mwimbaji katika jamii.

Wakikuyu hawana ukoo wa waimbaji. Kule Mali familia ya Diabaté hupiga kora baba kwa mwana, vizazi visivyohesabika, na mtoto akizaliwa kazi yake inajulikana. Katika koo za Wakikuyu, zinazotajwa kwa mabinti wa Mumbi, mama wa kabila, hakuna uliopewa muziki. Walichokuwa nacho ni desturi kwamba wimbo ni baraza la kusemea yasiyosemwa. Mwaka 1929 wamisionari walipowataka waumini wao waapishwe kuacha tohara ya wasichana, vijana waliibua wimbo na ngoma ya Muthirigu wakawakejeli wamisionari, machifu na serikali. Serikali ya kikoloni iliupiga marufuku mapema mwaka 1930. Leo wengi wetu tunajua tohara ile ilikuwa madhara kwa wasichana na hatuitetei. Lakini wimbo ule uliacha funzo la kisiasa ambalo halikusahaulika: serikali yenye bunduki inaogopa wimbo. Miaka ya 1950, wapiganaji wa Mau Mau na wafuasi wao walitunga nyimbo za ardhi na uhuru, nyingine kwa sauti za tenzi za kanisani, ili askari anayepita nje adhani watu wanasali.

Kamaru alikulia katika kipindi hicho. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 alikuwa mvulana. Aliingia Nairobi mwaka 1957, miaka mitatu tu baada ya operesheni ya Anvil kuwafagia maelfu ya Wakikuyu kutoka jijini, akafanya kazi ndogo ndogo mpaka akajinunulia gitaa. Nyuma yake kulikuwa pia na mwomboko, dansi ya wazee ya akodioni na chuma cha karing'aring'a, ambayo yenyewe ilizaliwa Wakikuyu walipoona dansi za Kizungu wakazigeuza kuwa zao. Huu ndio urithi wa mtu aliyezaliwa 1939: nusu yake imetoka kwa wageni, na nusu nyingine imepigwa marufuku.

Aliimba na dadake, Catherine Muthoni, na wimbo wao wa Celina ukawatoa katika miaka ya 1960. Mwanamume anasema, mwanamke anamjibu, hadhira inachagua upande. Mwaka 1969 akatoa Ndari ya Mwarimu, kuhusu mwalimu anayemtongoza mwanafunzi wake. Walimu walifura. Chama chao kilitaka wimbo huo uzimwe. Ukiusikiliza leo, zaidi ya nusu karne baadaye, huku kesi za namna hiyo zikiendelea kujaa magazetini, unajiuliza walimu wale walikasirishwa na uongo au na ukweli.

Kisha ikaja Machi 1975. Mbunge J. M. Kariuki aliuawa na mwili wake ukaokotwa Ngong. Kamaru, aliyekuwa akikaribishwa kwa Mzee Jomo Kenyatta, alirekodi wimbo wa kumlilia Kariuki. Santuri ziliondoka madukani kwa kasi, na urafiki wake na Ikulu ukavunjika. Chini ya Daniel arap Moi alirudi kwenye neema, akasafiri na rais hadi Japan mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuitungia safari hiyo wimbo wa sifa. Wapo wasiomsamehe kwa hilo. Mimi naona ni tabia ya kazi yenyewe: mwimbaji wa hadhara husifu na hulaumu, na asiyewahi kusifu lawama yake haiumi. Hata hivyo neema hiyo nayo haikudumu. Alipotoa Mahoya ma Bururi, maombi kwa ajili ya nchi, wakati madai ya vyama vingi yanapanda, polisi walivamia duka lake. Mwaka 1993 aliokoka, akaivunja bendi, akageukia injili, na mashabiki wake wengi hawakumfuata.

Kufikia hapo River Road yenyewe ilikuwa imebadilika. Kanda za kaseti ziliua santuri. Santuri ilihitaji kiwanda, lakini kaseti ilihitaji mashine mbili na usiku mmoja. Wimbo uliotoka Ijumaa ulikuwa na nakala haramu stejini Jumamosi, na mwenye wimbo alizisikia akiwa kwenye matatu ambayo nauli yake imemshinda. Chama cha hakimiliki za muziki, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983, lakini wanamuziki waliendelea kufa maskini. Baadaye zikaja VCD, na maduka yale yale yaliyokuwa yakiuza benga yakaanza kutengeneza na kuuza filamu za vichekesho za Kikuyu, wachekeshaji kama Machang'i na Kihenjo wakicheza kwenye kila televisheni ya baa. Watu wakaiita Riverwood. Redio Kameme ilipoanza mwaka 2000 nyimbo za zamani zilipata masikio mapya, ila pesa hazikupanda pamoja nazo.

Kilichopotea katika mabadiliko hayo ni mabaki ya kazi yenyewe. Wenye nembo walifunga, warithi wakagawana vyombo, utepe wa studio ukarekodiwa juu yake au ukaoza. Santuri zikaenda kwenye mifuko ya gunia, na wakusanyaji wa Ulaya wakaja kuzinunua. Kampuni ya Soundway ya Uingereza ilipotoa Kenya Special mwaka 2013, ilibidi watu wa London watuonyeshe tulichokuwa nacho. Hapa nyumbani, Ketebul Music ya Tabu Osusa ilifanya kazi ambayo serikali ilipaswa kufanya, ikawatafuta wazee wa benga na wa muziki wa Kikuyu na kuwahoji kabla hawajazikwa na habari zao. Na bado kuna kibanda katika Soko la Kenyatta kilichojaa santuri hadi darini, ambako kijana wa miaka 20 atakutwa akipekua nyimbo za ujana wa babu yake.

Turudi kwa mjukuu. Kwa Wakikuyu watoto wa kwanza hupewa majina ya babu na nyanya zao. Babu na mjukuu huhesabiwa kama watu wa rika moja, jambo ambalo Jomo Kenyatta aliliandika katika Facing Mount Kenya mwaka 1938. Mzee humtania mjukuu kama mwenzake, na jina likiitwa nyumbani wanaitika wawili. Desturi hiyo haimwambii mtoto aimbe. Humwambia tu kwamba mtu fulani yumo ndani ya jina lake na asimwache apotee.

KMRU ameitii kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya wazi: amezikusanya rekodi za babu yake, akazigeuza kuwa za kidijitali na kuziweka kwenye tovuti ya Bandcamp, mahali ambapo anayezinunua Tokyo hulipa na pesa huifikia familia. Uharamia wa kaseti uliokula jasho la babu unapata jibu kwa mjukuu. Kuna pia mkusanyiko wa Heavy Combination, wenye nyimbo za 1966 hadi 2007.

Namna ya pili imo ndani ya sanaa yake, na imejificha. Mwaka 2020, baada ya albamu ya Peel kutoka kwa Editions Mego ya Austria, wasikilizaji wa Ulaya walimpokea kama bingwa wa ukimya na mvumo, na wengi hawakuuliza alikotoka. Miaka miwili baadaye alitoa Temporary Stored. Malighafi yake ni rekodi za zamani kutoka hifadhi ya Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, jumba lililojengwa kwa mali ya Kongo. Alizichukua sauti hizo zilizofungiwa makabatini, akazichanganya na mvumo wake, zikatoka zikilalamika bila kusema neno. Hapo ndipo nilipomsikia Kamaru wa kwanza. Babu aliimba dhidi ya aliyeua, mjukuu anaelekeza kinasa sauti kwa aliyechukua. Katika Natur ya mwaka 2024 anasikiliza mivumo ya sumaku-umeme ambayo jiji hutoa na sikio la kawaida halisikii. Tabia ni ile ile ya kulazimisha watu wasikie walichozoea kupuuza. Mtindo umebadilika kabisa, kazi imebaki.

Kuna tofauti moja kati ya kabati za Tervuren na maduka ya River Road ambayo inafaa kutajwa. Wageni waliopita Afrika na mashine zao za kurekodi waliandika kabila, kijiji na ala. Jina la mwimbaji mara nyingi halikuandikwa. Hugh Tracey, aliyezunguka Kenya mwaka 1950 na 1952, alikuwa mwangalifu kuliko wengi, lakini aliowarekodi huko Kapkatet walisubiri zaidi ya miaka 60 kabla ya kurudishiwa nakala ya sauti zao. Sasa chukua santuri yoyote ya River Road, hata iliyokwaruzika. Katikati, kwenye karatasi ya duara, pameandikwa wimbo, bendi, mtunzi na nembo. Biashara ile chafu, yenye ujanja na madeni, iliwapa Waafrika majina yao. KMRU anaweza kurudisha kazi ya babu yake kwa sababu jina lilikuwa limeandikwa.

Wajukuu wengine hawana bahati hiyo. Wapo wapiga besi wa bendi za Kikamba, wasichana walioitikia kwenye nyimbo za Kijaluo, mafundi waliokesha studio, na watoto wao hawajui kwamba mzee alirekodi. Santuri ipo juu ya kabati, na mashine ya kuipiga iliuzwa zamani.

Jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa liko Moi Avenue, mwendo wa dakika chache kutoka River Road. Ndani yake kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani, ambao serikali iliununua ili usiondoke nchini. Iliwezekana kwa vinyago na vitabu, basi iwezekane kwa santuri. Wizara inayohusika itenge pesa, itume watu wawili wenye mashine nzuri ya kunakili, na ianze na maduka machache yaliyosalia kabla wenyewe hawajafa. Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna santuri za mzee, usizitupe wala usimuuzie mpita njia kwa bei ya chai. Soma karatasi ya katikati, andika majina yote unayoyaona, kisha uliza waliosalia ni nani alipiga gitaa.